RUFAA KWA NG'OMBE: Sayansi ya Maziwa Yaliyotiwa Maji na Haki ya Mwenye Duka

Tumfikirie mwenye duka mmoja katika mji wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Mtu huyu hana jina, kwa kuwa tumemwunda kwa ajili ya somo letu tu; lakini mambo yatakayompata yaweza kumpata mwenye duka yeyote wa Mugumu, wa Tarime mjini au wa Sirari. Kila asubuhi hupokea maziwa kutoka kwa wachuuzi wa baiskeli, ambao nao huyakusanya kwa wafugaji wa vijiji vya jirani. Huyamimina yote katika chombo kimoja kikubwa cha alumini, kisha huyauza kwa lita na nusu lita kwa akina mama wenye watoto, wenye migahawa na wapita njia.

Siku moja adhuhuri huingia dukani afisa afya, ambaye wazee wetu wangali wakimwita bwana afya. Hutumbukiza laktomita katika maziwa, husoma 25, hutikisa kichwa, kisha huchukua sampuli. Baada ya miezi kadhaa Mahakama ya Wilaya humtia mwenye duka hatiani kwa kosa la kuuza maziwa yaliyoghushiwa kwa maji, na kumtoza faini. Mwenye duka hakubali. Anakata rufaa kwa sababu nne: kwanza, siku ile kulikuwa na joto kali, na kipimo kilidanganya, pili, ulikuwa wakati wa kiangazi, ng'ombe walikuwa wamekonda na maziwa yao ni mepesi kwa asili, tatu, yeye mwenyewe hakutia hata tone moja la maji, na kama maji yalitiwa, basi yalitiwa na wachuuzi, nne, sampuli ilikaa siku tatu kabla ya kufika maabara, ikachacha.

Je, mtu huyu ana haki au hana? Jambo hili si dogo. Upande mmoja yupo mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa yaliyopunguzwa nguvu, tena kwa maji ambayo huenda yametoka kisima kichafu chenye vijidudu vya homa ya matumbo au kipindupindu. Upande wa pili yupo raia ambaye huenda hana kosa, naye anapoteza fedha, leseni na heshima yake mbele ya majirani. Ili kuamua kati ya hao wawili, hakimu anahitaji sheria. Lakini sheria peke yake haitoshi. Inabidi aulizwe pia ng'ombe.

MAZIWA NI KITU GANI?

Kwa wakazi wa Mara, wawe Wakurya, Wangoreme, Waikoma au Wanata, swali hili laweza kuonekana la kitoto. Ng'ombe katika nchi hii ni akiba, ni mahari na ni fahari ya nyumba. Hata hivyo mkemia hulitazama bakuli la maziwa kwa namna yake. Kwake, sehemu kama 87 kwa mia ya maziwa ni maji, kabla mtu yeyote hajatia kitu. Zinazobaki ni mafuta, protini, sukari ya maziwa iitwayo laktosi, pamoja na madini kama kalisi na klorini. Laktosi huwa karibu 4.7 kwa mia. Protini zaidi kidogo ya 3. Madini karibu 0.7. Mafuta ndiyo yanayobadilika mno: ng'ombe wa kigeni wa aina ya Friesian mara nyingi hutoa maziwa yenye mafuta 3.5 kwa mia au zaidi kidogo, ambapo ng'ombe wetu wa kienyeji wenye nundu hutoa maziwa machache lakini yenye mafuta hata 5 kwa mia na zaidi.

Viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi ya ng'ombe hutaka mafuta yasipungue 3.25 kwa mia. Vitu vigumu visivyo mafuta, yaani protini, laktosi na madini kwa jumla, visipungue 8.5 kwa mia. Na densiti isipungue 1.028. Densiti ni uzito wa ujazo mmoja wa kitu: mililita moja ya maji ina uzito wa gramu 1, na mililita moja ya maziwa halisi ina gramu 1.028 au zaidi kidogo. Hapa ndipo laktomita inapoingia.

LAKTOMITA NA UDHAIFU WAKE

Laktomita ni chombo cha kioo kinachoelea, chenye uzito chini na shingo nyembamba iliyoandikwa namba. Hufanya kazi kwa kanuni ya Archimedes: kitu kinachoelea husukuma kando kiowevu chenye uzito sawa na uzito wake. Katika maziwa mazito chombo huelea juu. Katika maziwa mepesi huzama zaidi. Namba 30 shingoni maana yake ni densiti ya 1.030; namba 25 maana yake ni 1.025.

Tukichukua lita 9 za maziwa yenye densiti ya 1.030, tukaongeza lita 1 ya maji, tutapata mchanganyiko wenye densiti ya 0.9 mara 1.030, kuongeza 0.1 mara 1.000, yaani 1.027. Kwa hiyo kila sehemu kumi za maji kwa mia hupunguza kipimo kwa namba tatu hivi. Ni hesabu nyepesi ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya.

Lakini chombo hiki kina masharti yake. Laktomita nyingi zimepimwa kwa joto la nyuzi 20. Maziwa yakipata joto hutanuka, nayo densiti hupungua ingawa hakuna kilichoongezwa. Kanuni inayotumika ni kuongeza 0.2 kwa kila uzi mmoja wa joto juu ya 20. Maziwa ya nyuzi 30 yanayosomeka 27 kwa kweli ni 29. Ni maziwa safi kabisa. Mkaguzi asiyebeba kipimajoto aweza kumshtaki mtu kwa kosa la jua. Vilevile maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yasipimwe papo hapo: yana viputo vya hewa, na mafuta yake bado ni ya kuyeyuka, hivyo husomeka chini ya kipimo chake cha haki. Inafaa kusubiri walau nusu saa.

Upo udhaifu mwingine ulio mkubwa zaidi. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Mtu akiengua malai, maziwa yanayobaki huwa mazito zaidi, na densiti yake huweza kufika 1.036. Mjanja huyo akiongeza kisha lita 1 ya maji katika kila lita 5 za maziwa hayo, densiti hurudi 1.030. Ameiba mara mbili, mafuta na vitu vigumu, na laktomita inamshuhudia kuwa mwaminifu! Ndiyo sababu pamoja na laktomita hutumika kipimo cha mafuta kilichobuniwa na Niklaus Gerber wa Uswisi mwishoni mwa karne ya 19: asidi ya salfa huyeyusha protini, alkoholi ya amili husaidia mafuta kujitenga, na mashine ya kuzungusha huyakusanya mafuta shingoni mwa chupa, ambako husomwa kwa macho.

Ukishapata densiti na mafuta, waweza kukadiria vitu vigumu visivyo mafuta kwa hesabu: gawanya namba ya laktomita kwa 4, ongeza mafuta mara 0.22, kisha ongeza 0.72. Kwa maziwa ya laktomita 31 na mafuta 5, jibu ni 7.75 kuongeza 1.10 kuongeza 0.72, yaani 9.57. Hayo ni maziwa ya ng'ombe aliyenona.

Sasa tutie maji. Tuseme mchanganyiko una maji ya kuongezwa 8 kwa mia. Mafuta yatashuka hadi 4.6, vitu vigumu hadi 8.8, laktomita hadi 28.5. Tazama, msomaji: vipimo vyote vitatu bado vimepita kiwango! Mnunuzi ameibiwa, na hakuna kipimo hata kimoja kilicholia. Kinyume chake, ng'ombe mmoja dhaifu aweza kutoa maziwa yenye vitu vigumu 8.3 kwa mia bila mtu kuongeza chochote. Mwenye ng'ombe huyo hushindwa kipimo ingawa ni mwaminifu. Hivyo kiwango peke yake chaweza kumwachilia mwizi na kumfunga mkweli.

MAHAKAMA ZA UINGEREZA NA KITENDAWILI HIKI

Kitendawili hiki kiliwasumbua majaji muda mrefu kabla ya Mugumu kuwa mji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1875 kuhusu uuzaji wa vyakula na dawa ilikataza kumwuzia mtu chakula ambacho si cha asili, maada na ubora alioutaka. Maneno ya namna hiyo yaliingia katika sheria za nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Tanganyika nayo ilipokea misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Na hadi leo hukumu za huko, ingawa hazizifungi mahakama zetu, husomwa kwa heshima.

Katika shauri la Parker na Alder, lililotolewa hukumu mwishoni mwa karne ya 19, mtu alipeleka maziwa safi kwa reli kwenda London. Njiani mtu asiyejulikana akatia maji. Mkaguzi alichukua sampuli mwisho wa safari, na mwenye maziwa akashtakiwa. Ilikubaliwa kwamba hakuwa na hatia yoyote moyoni mwake. Hata hivyo Mahakama Kuu ya London ilisema kuwa anapaswa kutiwa hatiani. Hoja ilikuwa kwamba sheria hii imewekwa kulinda afya ya umma, na kama kila muuzaji angeweza kusema "si mimi, ni mwingine", hakuna ambaye angewahi kupatikana na kosa. Wanasheria huliita jambo hili dhima isiyotegemea nia mbaya.

Hukumu hiyo ni kali. Lakini mwaka 1916 ilitoka hukumu nyingine, katika shauri la Hunt na Richardson. Kanuni za Uingereza za mwaka 1901 zilikuwa zimesema kwamba maziwa yenye mafuta chini ya 3 kwa mia, au vitu vigumu visivyo mafuta chini ya 8.5, yatadhaniwa kuwa yameghushiwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maziwa ya mfugaji mmoja yalionekana yamepungukiwa mafuta. Ushahidi ukaonyesha kuwa yalikuwa kama yalivyotoka katika kiwele, hayakuongezwa kitu wala kuondolewa kitu. Mahakama ilimwona hana kosa: mnunuzi aliomba maziwa ya ng'ombe, na maziwa ya ng'ombe ndiyo aliyopewa.

Kutokana na mashauri ya aina hii ulikuwapo utaratibu ambao wakaguzi wa Uingereza waliuita kwa utani "rufaa kwa ng'ombe". Mfugaji aliyedai kuwa maziwa yake ni mepesi kwa asili alitembelewa zizini. Ng'ombe wale wale walikamuliwa mbele ya mkaguzi, na maziwa hayo yakalinganishwa na yale ya kwanza. Kama yalifanana, dhana ya kosa iliondoka. Kama yalitofautiana sana, mfugaji alikuwa na la kujibu.

Utaratibu huo ni mzuri kwa mwenye zizi, lakini haumsaidii sana mwenye duka. Maziwa yake yametoka kwa ng'ombe wengi wa nyumba nyingi. Hata hivyo wingi huo una maana katika takwimu: maziwa ya ng'ombe mmoja yaweza kuwa mepesi au mazito kupita kiasi, lakini maziwa ya ng'ombe thelathini yakichanganywa hukaribia wastani, kwa kuwa upungufu wa mmoja hufidiwa na ziada ya mwingine. Kwa hiyo anayeuza maziwa ya mchanganyiko ana udhuru mdogo wa "asili" kuliko mwenye ng'ombe mmoja.

BARAFU YATOA USHAHIDI

Je, hakuna namna ya kumwuliza ng'ombe bila kwenda zizini? Ipo. Ng'ombe ameacha alama yake ndani ya maziwa yenyewe, na alama hiyo husomwa kwa baridi.

Maji safi huganda kwa nyuzi 0. Ukiyeyusha ndani yake chumvi au sukari, huganda kwa baridi zaidi. Katika miaka ya 1880 Mfaransa François-Marie Raoult alionyesha kuwa ushukaji huo hutegemea idadi ya chembe zilizoyeyuka, si aina yake. Matone ya mafuta na vifundo vya protini katika maziwa ni vikubwa mno na kwa hesabu ya chembe ni vichache. Karibu havina athari yoyote. Kazi yote hufanywa na laktosi na chumvi.

Sasa, maziwa hutengenezwa ndani ya kiwele yakiwa yametenganishwa na damu kwa ngozi nyembamba inayopitisha maji. Kama maziwa yangekuwa na chembe nyingi zaidi kuliko damu, maji yangehama kutoka damuni hadi nguvu za pande mbili zisawazike. Matokeo yake ni kwamba maziwa huwa na nguvu ya osmosi sawa na ya damu. Na damu ya mnyama aliye hai haibadiliki ovyo. Laktosi ikipungua, chumvi huongezeka kuijazia. Ng'ombe aweza kukonda, mafuta ya maziwa yake yakapanda au kushuka, lakini nyuzi za kuganda hubaki karibu pale pale.

Mwaka 1921 mkemia Julius Hortvet wa jimbo la Minnesota, Marekani, alieleza chombo na utaratibu wa kupima jambo hili kwa usahihi. Kwa kipimo chake maziwa halisi huganda karibu nyuzi 0.540 chini ya sifuri. Maji ya kuongezwa huivuta namba hiyo kuelekea sifuri kwa uwiano. Hesabu ni hii: toa namba ya sampuli kutoka 0.540, gawanya kwa 0.540, zidisha kwa 100. Yale maziwa yetu yaliyopita vipimo vyote vitatu yataganda kwa nyuzi 0.497 chini ya sifuri. Hesabu inatoa karibu 8 kwa mia. Mwizi amepatikana. Na yale maziwa mepesi ya ng'ombe dhaifu yataganda karibu 0.54 kama kawaida. Mkweli ameokoka. Kipimo kimoja kimewatenganisha wawili ambao kiwango kiliwachanganya.

Lakini sayansi nayo lazima ihojiwe kama shahidi mwingine yeyote. Kwanza, namba za Hortvet hazilingani sawasawa na nyuzi za Selsiasi: 0.540 ya Hortvet ni karibu 0.521 ya Selsiasi. Anayechanganya vipimo hivyo viwili aweza kuzua "maji" ya zaidi ya 3 kwa mia yasiyokuwapo. Ripoti ya maabara isiyotaja kipimo gani kimetumika ina pengo. Pili, maziwa yakichacha, molekuli moja ya laktosi huvunjwa na bakteria kuwa molekuli kadhaa za asidi ya laktiki. Chembe huongezeka, na nyuzi za kuganda hushuka. Tatu, mjanja aweza kutia chumvi au sukari pamoja na maji ili kurudisha namba mahali pake. Hapo itabidi kupima klorini na sukari ngeni.

Jambo hili la tatu lina fundisho kubwa. Kila kipimo hupima kitu kimoja tu, na mdanganyifu hukifuata kipimo. Nchini China mwaka 2008 wafanyabiashara waliotia maji katika maziwa waliongeza pia kemikali iitwayo melamini. Sababu ni kuwa protini ilikuwa ikikadiriwa kwa kupima naitrojeni, na melamini ina naitrojeni nyingi. Kipimo kiliridhika, lakini figo za watoto hazikuridhika: watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 walikufa. Basi mtu asiseme kwamba maziwa ya kughushi ni wizi wa senti chache tu.

CHUPA ILIYOTIWA LAKIRI

Hata kipimo bora kabisa hakina thamani kama haijulikani chupa iliyopimwa ilitoka wapi. Sheria ile ya Uingereza ya 1875 iliagiza sampuli igawanywe mara tatu na kila sehemu itiwe lakiri: moja apewe muuzaji, moja iende kwa mkemia, moja itunzwe kwa ajili ya mahakama. Hekima ya utaratibu huo ni dhahiri. Muuzaji asiyeiamini maabara ya serikali anayo chupa yake, na mahakama inayo ya tatu ya kuamua kati yao.

Nchini Tanzania suala la utunzaji wa vielelezo limesisitizwa sana na Mahakama ya Rufani. Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, ambayo haikuhusu chakula, Mahakama hiyo ilieleza umuhimu wa kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha kielelezo kilikamatwa na nani, kikakabidhiwa kwa nani, kikahifadhiwa wapi na kupimwa na nani. Mnyororo huo ukikatika, shaka huingia. Na katika kesi ya jinai shaka ya maana humfaidi mshtakiwa.

Sheria zetu za chakula zenyewe zimepita hatua kadhaa. Mwaka 1978 Bunge lilitunga Sheria ya Udhibiti wa Ubora wa Chakula. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, iliyounda mamlaka moja ya kusimamia vitu hivyo vyote. Mwaka 2004 ikaja Sheria ya Tasnia ya Maziwa na Bodi yake. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Uchunguzi wa kitaalamu kwa ajili ya mahakama hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza. Kutoka Mugumu hadi Mwanza ni safari ndefu kwa chupa ya maziwa isiyo na barafu.

Anayetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo sasa ina kanda Musoma. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humtaka atoe taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Yafaa ifahamike kuwa kwa kawaida mahakama ya rufaa husoma kumbukumbu za kesi ya kwanza, haianzi kusikiliza mashahidi upya. Swali ambalo mshtakiwa hakuliuliza kule chini ni vigumu kuliuliza huku juu. Vilevile maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu. Lakini hakimu akiyakataa, sharti atoe sababu.

TUMREJEE MWENYE DUKA

Sasa tuzipime zile sababu nne. Tuchukulie kwamba joto la maziwa lilikuwa nyuzi 27, na ripoti ya mkemia inasema yaliganda kwa 0.486 ya Hortvet chini ya sifuri.

Sababu ya kwanza, ya joto, ni ya kweli lakini haitoshi. Nyuzi 7 mara 0.2 ni 1.4, kipimo cha 25 kinakuwa 26.4, ambacho bado ni chini ya 28. Kama maziwa yangesomeka 27, sababu hiyo hiyo ingemwokoa.

Sababu ya pili, ya kiangazi, inajibiwa na barafu. Kukonda kwa ng'ombe hakuwezi kuleta namba ya 0.486. Hesabu inatoa maji ya kuongezwa 10 kwa mia.

Sababu ya tatu ni ngumu kwa moyo wa mwanadamu. Kwa msingi wa shauri la Parker na Alder, kutojua hakumwondolei muuzaji kosa, ingawa kwaweza kumpunguzia adhabu. Lakini si kila sheria ni kali sawa. Ile sheria ya 1875 ilimpa nafuu muuzaji aliyenunua bidhaa kwa dhamana ya maandishi na kuiuza kama alivyoipokea. Hapa Tanzania sharti isomwe sheria yenyewe iliyotajwa katika hati ya mashtaka, kwa maneno yake, kabla ya kutoa jibu.

Sababu ya nne ina sura mbili. Kama hoja yake ni kwamba maziwa yalichacha, amejichimbia shimo: kuchacha hushusha nyuzi za kuganda na kuficha maji, hakuongezi dalili ya maji. Sampuli ingepimwa siku ile ile, huenda ingeonyesha maji mengi zaidi. Lakini kama hoja yake ni kwamba katika siku hizo tatu chupa haikuwa na lakiri, hakupewa sehemu yake, na hakuna maandishi ya nani aliishika, basi hapo amegusa mzizi wa haki. Barafu huweza kusema kuwa chupa ina maji. Haiwezi kusema maji hayo yaliingia Mugumu dukani au njiani. Kwa jambo hilo peke yake rufaa yaweza kufaulu, na ni sawa ifaulu, hata kama wengi wetu tutabaki na mashaka juu ya mwenye duka huyo.

Lipo jambo moja zaidi la kukumbuka kabla ya kuweka kalamu chini. Kutoongezwa kitu si sawa na usalama. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika Wilaya ya Tarime watu walipatwa ghafla na ugonjwa wa kupooza miguu, ambao madaktari waliutambua kuwa konzo. Ulihusishwa na ulaji wa muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka, bila sumu yake ya asili kuondolewa ya kutosha, pamoja na upungufu wa protini. Hakuna aliyeghushi muhogo ule. Sheria ya kughushi isingemkuta mtu wa kumshtaki. Elimu peke yake ndiyo iliyohitajika.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu waweza kulifanya somo hili kwa gharama ndogo. Chukueni maziwa mabichi yaliyopoa, silinda ya kupimia, laktomita na kipimajoto. Asiyekuwa na laktomita atumie bomba la maabara lenye mchanga kidogo chini, lielee wima, na kiwekwe kipande cha karatasi yenye mistari ndani yake. Andaeni michanganyiko ya maji 0, 10, 20 na 30 kwa mia; pimeni, rekebisheni kwa joto, kisha choreni grafu. Baadaye mwanafunzi mmoja atayarishe mchanganyiko kwa siri, na wengine wakadirie kiasi cha maji. Maziwa hayo yasinywewe. Msijaribu kupima nyuzi za kuganda kwa kipimajoto cha kawaida cha shule: tofauti inayotafutwa ni ya sehemu za mia za uzi mmoja, nacho chombo chenu huonyesha uzi mzima.

Kisha mgawanye darasa: mmoja awe hakimu, mmoja bwana afya, mmoja mkemia, mmoja mwenye duka. Aulizwe kila mmoja amejuaje analolisema. Mwenye duka naye ajifunze kilicho chepesi kuliko rufaa: anunue laktomita, ampime kila mchuuzi mlangoni kabla ya kumimina maziwa katika chombo kimoja, na aandike namba, joto, tarehe na jina katika daftari. Maziwa yakishachanganywa, hakuna rufaa kwa ng'ombe itakayoweza kuyatenganisha tena.